Ukigongwa na Gari Njiani, Usitie Kidole Upesi

SOMO LA WAFANYAKAZI



Somo hili limeanzia kitandani mwa hospitali. Mwenzetu mmoja, mama anayekaa Nyakabiga na kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha kartiye ya viwanda, aligongwa na gari dogo alfajiri akienda kuingia kazini saa kumi na mbili. Mfupa wa paja ulivunjika. Siku ya nne, kabla sisi wa tawi hatujapata habari, alifika ndugu wa mwenye gari na bahasha ya faranga 200,000 pamoja na karatasi moja ya Kifaransa. Mama alikuwa anadaiwa na hospitali, na watoto wake walikuwa wanakula kwa jirani. Alichovya kidole gumba katika wino, akatia alama, akamwombea yule kijana baraka kwa Mungu. Miezi mitano baadaye mguu ulikuwa umefupika, na kazi ya kusimama kutwa mbele ya mashine hawezi tena. Tulipokwenda kudai, tulionyeshwa karatasi ile. Ilisema kwamba amelipwa yote, na kwamba hatadai tena kitu chochote kwa mtu yeyote.

Siandiki haya kumlaumu. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa sita tu, na ningekuwa kitandani pale na hesabu ya hospitali kichwani, huenda ningetia kidole changu pia. Naandika kwa sababu katika miaka yangu ya kazi ya chama nimeona karatasi za namna hii nyingi, na karibu zote zilitiwa saini katika juma la kwanza. Mambo ya sheria nitakayoeleza sikuyapata chuoni. Niliyapata kwa kuwasindikiza wenzetu polisi, INSS na mahakamani, na kwa kuuliza maswali mpaka makarani wakanichoka.

Tunaogongwa ni sisi tunaotembea

Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba katika kila watu mia wanaokufa hivyo, 23 ni wenda kwa miguu. Watu hao hawakuwa na gari, wala hawakulipa nauli ya gari. Walikuwa wanapita tu.

Hapa Bujumbura sababu za kutembea zimeongezeka. Tarehe 21 Machi 2022 baiskeli, pikipiki na tuk-tuk zilikatazwa kuingia katika sehemu za katikati ya mji. Tena mafuta yalipoadimika, mabasi yalipungua, na foleni za jioni zikawa ndefu hata watu wakaamua kurudi kwa miguu. Mtu wa Nyakabiga anayefanya kazi viwandani anakata Bwiza, anapita kando ya Buyenzi, na njia nzima anagombania ukingo wa barabara na magari, mikokoteni na mitaro. Ongeza jambo hili: sheria yetu ni kuendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yaliyoletwa yameshatumika ng'ambo yana usukani upande wa kulia pia. Dereva wake akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka amekwisha kuchomoza. Mwenda kwa miguu aliye ukingo wa pili ndiye anayeonekana mwisho.

Wenzetu wa mashamba, wa chai Teza na Rwegura au wa miwa kule Moso, msidhani somo hili ni la watu wa mji. Anayetembea gizani kando ya barabara ya lami kwenda kuchuma chai yumo katika hatari ileile, na haki zake ni zilezile.

Nani hulipa?

Watu wengi hujibu: dereva. Jibu hilo ni nusu tu, na nusu hiyo ndiyo inayotuponza.

Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia za Burundi, kilichoanzia katika sheria waliyoiandika Wabelgiji kwa ajili ya Kongo mwaka 1888, kina kifungu cha 258. Kwa maneno yetu kinasema hivi: mtu aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa hasara hiyo. Halafu kipo kifungu cha 260, na hiki ningependa kila mfanyakazi akijue namba yake. Kinasema mtu hujibu pia kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake, na ya watu anaopaswa kuwajibia. Tajiri hujibu kwa ajili ya mtu aliyemtuma kazi, ikiwa madhara yametokea katika kazi hiyo. Basi ukigongwa na lori la kampuni likiwa linapeleka saruji, aliye mbele yako si yule dereva mwenye mshahara mdogo peke yake. Nyuma yake yupo mwenye lori.

Na nyuma ya mwenye lori ipo bima, au asiransi kama tunavyosema mjini. Ni lazima kila gari la injini linalopita barabarani liwe na bima ya kulipa madhara litakayowapa watu wengine. Sheria hiyo si mpya, ni ya tangu miaka ya 1970, na kampuni ya SOCABU iliundwa mwaka 1977. Siku hizi kampuni za bima ni kadhaa, na zinaongozwa na Sheria ya Bima Na. 1/02 ya tarehe 7 Januari 2014 pamoja na mabadiliko yake. Ipo pia ofisi ya Serikali ya kuzisimamia, inaitwa ARCA. Kampuni ikikaa na faili lako bila kujibu, malalamiko yanaweza kupelekwa huko.

Nieleze kidogo hapa, maana jambo hili huleta ugomvi hata katika vikao vyetu. Madereva nao ni wafanyakazi, na baadhi yao ni wanachama. Nimesikia mwenzetu akisema: "Nikidai, namfilisi dereva mwenye watoto kama wangu." La. Bima iliwekwa hasa ili mguu wa mfanyakazi mmoja usilipwe kwa sufuria na magodoro ya mfanyakazi mwingine. Mwenye gari alikwisha kulipa bima. Fedha hiyo ilitolewa kwa ajili ya siku kama hii. Ukiacha kudai kwa huruma, unayemwachia fedha ni kampuni. Dereva hafaidiki chochote.

Kuhusu malori ya nchi za nje: yale yanayotoka bandari ya Dar es Salaam na kuingia kwa mpaka wa Kobero hubeba kadi ya njano ya COMESA. Mpango huo ulianza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini katika kadi ya njano imebaki. Maana ya kadi ni kwamba lori la nchi nyingine likikugonga Burundi, hutafuti kampuni ya bima Dar es Salaam; madai yanashughulikiwa hapahapa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa, "Gari ni la Watanzania, limeondoka, basi." Chukua namba ya lori na namba ya tela lake, na ukiweza namba ya kadi.

Mlango wa pili: INSS

Huu ndio mlango ambao wenzetu wengi hawaugongi kabisa. Wanaujua ule wa pensheni ya uzee, lakini hawajui kwamba INSS, iliyoundwa mwaka 1962, ina kazi nyingine ya kulipa ajali za kazini, na kwamba ajali ya njiani huhesabiwa kama ajali ya kazini. Ukiwa unatoka nyumbani kwenda kazini, au unatoka kazini kurudi nyumbani, kwa njia yako ya kawaida, na ukagongwa, umeumia kazini. Haidhuru hukuwa umefika langoni. Jambo hili lilikuwamo katika sheria ya mwaka 1999, na mambo ya hifadhi ya jamii sasa yako katika Sheria Na. 1/12 ya tarehe 12 Mei 2020.

Mlango huu una faida moja kubwa. INSS haiulizi kwanza nani alikuwa na kosa, na haingoji dereva apatikane. Gari likikugonga na kukimbia usiku bila mtu kuona namba, mlango wa bima umefungwa au karibu kufungwa, lakini ule wa INSS uko wazi kwa mfanyakazi aliyekuwa njiani kwenda kazini. Inagharamia matibabu, inatoa fidia ya siku ambazo huwezi kufanya kazi, na ulemavu ukibaki inalipa kwa kadiri ya ulemavu: mdogo kwa mkupuo mmoja, mkubwa kwa pensheni. Mtu akifa, yapo malipo ya mazishi na ya mjane na mayatima. Na mchango wa sehemu hii hulipwa na mwajiri peke yake. Haukatwi katika mshahara wako.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni njia yenyewe. Ukitoka kazini ukapita baa ukakaa saa tatu, kisha ukagongwa, watasema ulikatisha safari kwa mambo yako, na hapo ni vigumu kuwajibu. La pili ni taarifa. Mwajiri ndiye anayepaswa kuitangaza ajali kwa INSS, na muda uliowekwa ni mfupi. Waajiri wengine hutangaza upesi. Wengine husema, "Uligongwa mtaani, mimi sihusiki." Neno hilo si kweli. Akikataa, wewe mwenyewe au jamaa yako mnaweza kwenda INSS mkatoe taarifa, na mwambieni mjumbe wa tawi siku hiyohiyo.

Na kibarua asiyeandikishwa? Hapa ndipo penye kidonda. Sheria inamlazimisha mwajiri kumwandikisha mfanyakazi wake. Asipofanya hivyo, aliyevunja sheria ni yeye. Tumeona vibarua waliorudi nyumbani kimya kwa kuona haya, kana kwamba kukosa namba ya INSS ni dhambi yao. Kibarua mwenye chochote cha kuonyesha kwamba alikuwa anafanya kazi pale, orodha ya malipo, ujumbe wa simu kutoka kwa msimamizi, ushahidi wa wenzake watatu, asinyamaze.

Milango hii miwili haifungani. Unaweza kulipwa na INSS na bado ukadai kwa mwenye gari yale ambayo INSS hailipi, kama vile uchungu ulioupata au sehemu ya mapato ambayo haikufidiwa. Kitu kimoja tu hulipwi mara mbili. Kile ambacho INSS imekulipa, yenyewe ina haki ya kukidai kwa aliyekugonga au kwa bima yake.

Siku tatu za kwanza

Kesi nyingi hushinda au hushindwa kabla wakili hajaonekana. Zinategemea nani alisimama pale barabarani na alifanya nini.

Kwanza, polisi wa barabarani waitwe na waandike PV. Hii ni karatasi inayosema ajali ilitokea wapi, saa ngapi, gari gani, dereva nani, bima gani, na nani aliona. Bila PV kampuni ya bima itakuuliza kwa upole: ajali ipi? Mara nyingi dereva, naye ana hofu, husema, "Tusipoteze wakati, nampeleka hospitali mwenyewe." Kumpeleka hospitali ni vizuri sana, aende naye. Lakini abaki mtu wa kuita polisi, na mwingine apige picha kwa simu: namba ya gari, mahali lilipo, alama za breki, viatu vilipoangukia. Gari likikwisha kuondolewa, huwezi tena kuonyesha kwamba ulikuwa ukingoni na si katikati.

Na hilo la ukingoni au katikati litakuja tu. Jiandae kuulizwa: ulivukaje? Ulitazama? Ulikuwa umekunywa? Hakimu akiona kwamba nawe ulikuwa na sehemu ya kosa, anaweza kuigawa hasara, na fidia ikapungua. Ndiyo maana shahidi ni mali. Alfajiri Nyakabiga si tupu. Yupo mlinzi wa usiku, yule tunayemwita zamu, yupo mama wa chai na mandazi, yupo mwanafunzi anayekwenda kampasi ya Mutanga. Chukua majina na namba zao za simu asubuhi ileile, na uhakikishe yameingia katika PV. Shahidi anayetafutwa baada ya miezi mitatu huwa amehama, au amesahau, au amekwisha kutembelewa na mtu mwingine.

(Hao Wabelgiji waliotuachia kifungu cha 258 walikwisha kuiona shida hii kwao. Tangu tarehe 1 Januari 1995 mwenda kwa miguu au mwendesha baiskeli aliyeumizwa na gari Ubelgiji hulipwa na bima kwa madhara ya mwili bila kuhojiwa sana juu ya kosa lake. Ufaransa walifanya karibu hivyo kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1985. Hoja yao ilikuwa nyepesi: chuma na nyama vikigongana, nyama ndiyo inayoumia. Wajumbe wetu wanaokwenda kuzungumza na Serikali juu ya mambo ya bima wanaweza kuibeba hoja hiyo.)

Pili, hospitali. Mwambie daktari aandike kila jeraha, hata lile dogo la kiwiko. Omba cheti kinachotaja siku ya ajali. Tunza kila risiti: dawa, picha za mifupa, magongo, hata nauli ya kwenda kufunga kidonda. Sisi huwa tunatunza risiti kubwa na kutupa ndogo, halafu ukizijumlisha ndogo unakuta ni mshahara mzima. Nunueni bahasha moja ngumu, mwandike jina juu yake, na apewe mtu mmoja katika familia aitunze.

Tatu, kazini. Taarifa ya ajali, karatasi za mshahara za miezi ya nyuma, na barua ya mwajiri inayoonyesha saa za kuingia kazini. Barua hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba saa kumi na moja na nusu ulikuwa njiani kwa sababu ya kazi na si kwa matembezi.

Karatasi ya Kifaransa

Sasa turudi kwa yule kijana na bahasha yake. Kwa nini alikuja siku ya nne, asingoje siku ya arobaini?

Kumjeruhi mtu kwa kukosa uangalifu, hata bila kukusudia, ni kosa la jinai. Dereva anaweza kuwekwa ndani na gari likashikwa. Kila siku gari linapokaa polisi ni siku bila mapato. Familia ya dereva inajua kwamba karatasi ya mapatano itasaidia mambo yao mbele ya mwendesha mashtaka. Si watu wabaya. Wana haraka tu. Wewe nawe una haraka ya namna nyingine. Hospitali inataka fedha. Ni jambo linalojulikana hapa kwetu kwamba wagonjwa wamewahi kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni; mashirika ya haki za binadamu, APRODH na Human Rights Watch, waliandika taarifa nzima juu yake mwaka 2006. Basi watu wawili wenye haraka wanakutana kando ya kitanda, na mmoja tu kati yao anajua kusoma kilichoandikwa.

Yapo maneno ya Kifaransa ambayo hata asiyejua lugha hiyo afadhali ayatambue kwa sura yake, kama tunavyotambua alama ya sumu kwenye chupa. Moja ni "solde de tout compte". Maana yake hesabu yote imekwisha. La pili ni "renonce", au "renonciation". Maana yake unaacha haki yako. La tatu ni "désistement", yaani unajitoa katika madai. Ukiyaona, kalamu iwekwe chini. Sema, "Nisomeeni kwa Kirundi, mbele ya mtu wangu." Mtu asiyetaka kukusomea amekwisha kukujibu.

Tena lipo jambo la uganga ambalo linaifanya karatasi ya juma la kwanza iwe mbaya hata kama ingekuwa na fedha nyingi. Hakuna daktari anayejua siku ya nne mguu utakuwaje. Inangojwa mpaka jeraha litulie, yaani lifike mahali ambapo halitapona zaidi wala halitaharibika zaidi. Siku hiyo daktari anapima na kuandika asilimia ya ulemavu uliobaki, na asilimia hiyo ndiyo msingi wa hesabu ya fidia. Kwa mfupa wa paja inaweza kuchukua miezi mingi. Kukubali malipo ya mwisho kabla ya hapo ni kuuza ng'ombe gizani bila kumpapasa.

Je, bahasha ikataliwe? Sikuambii hivyo. Mtoto mwenye njaa hangojei asilimia ya daktari. Pokea msaada wa matibabu, lakini andika wewe karatasi, na iwe na maneno kama haya: "Nimepokea kwa fulani faranga kadhaa za kusaidia matibabu tu. Madai yangu ya fidia kwa mwenye gari na kwa bima yanabaki." Tarehe, saini za pande mbili, mashahidi wawili, nakala mbili. Nimeona watu wema wakiitia saini karatasi hiyo bila shida. Aliyekataa alinifundisha bahasha yake ilikuwa ya nini.

Na ukitaka kumsamehe dereva asifungwe, msamehe. Wengi wetu ni Waislamu au Wakristo na tunajua thamani ya kusamehe. Lakini kumsamehe dereva si kuisamehe bima. Adhabu ya dereva ni neno la Serikali na dereva. Fidia ni neno lako na wenye kulipa. Waambie polisi na mwendesha mashtaka mambo hayo mawili mbalimbali, na waombe wayaandike mbalimbali.

Wakili, na wanaojifanya mawakili

Faili likikamilika, madai hupelekwa kwa kampuni ya bima kwa barua, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mara nyingine wanalipa bila mahakama. Kampuni ikitoa kiasi kidogo si lazima ukubali. Mwonyeshe mtu anayejua kwanza.

Dereva akishitakiwa, huna haja ya kufungua kesi nyingine. Unaweza kujiunga katika kesi hiyohiyo ukidai fidia. Mahakamani wanaita kuwa "partie civile". Mwenye gari na kampuni ya bima wanaweza kuitwa humo humo. Wenzetu wengi hukosa nafasi hii kwa sababu hawajui tarehe ya kesi. Wanakuja kusikia kwamba dereva amekwisha kuhukumiwa. Ulizieni namba ya faili, na mtu mmoja wa familia aende kuulizia tarehe kila mara.

Asiye na fedha za mahakama aombe komini imwandikie cheti cha kukosa uwezo. Mtu wa Nyakabiga huenda komini ya Mukaza, akianzia kwa shefu wa kartiye. Wapo mawakili wa Baraza la Mawakili wanaopewa kesi za maskini, na Chama cha Wanawake Wanasheria, AFJB, kimekuwa kikiwasikiliza wanawake bure. Tawi linaweza kukuandikia barua ya kukupeleka.

Jihadharini na makomisioneri wanaozunguka wodini. Wanajua majina ya madaktari, wanajua namba ya kitanda chako, na wanataka nusu ya fidia pamoja na kitambulisho chako cha asili "wakakushughulikie". Kitambulisho cha asili, PV ya asili na cheti cha daktari cha asili havitoki mkononi mwenu. Toeni nakala. Wakili wa kweli ana ofisi, anaandika mapatano ya malipo yake, na hakuombi utie kidole katika karatasi nyeupe.

Yule mama? Karatasi aliyoitia kidole ilikuwa kati yake na mwenye gari, INSS haikuwamo. Mwajiri wake hakuwa ametangaza ajali. Tulikwenda naye sisi, akiwa na magongo, tukiwa na barua ya saa za kazi na cheti cha hospitali, na mlinzi wa usiku aliyeona alikubali kuja kusema aliyoyaona. Taarifa ikapokelewa. Wakati ninapoandika, amekwisha kupimwa na daktari mara moja na anangoja kuitwa tena. Kuhusu ile karatasi ya Kifaransa, wakili anaangalia kama inaweza kupingwa kwa sababu hakusomewa. Hakutuahidi kitu.

Kwa kikao cha tawi cha mwezi huu kila mwanachama aje na namba yake ya INSS na karatasi ya mshahara ya mwisho, tuangalie ni wangapi wameandikishwa kweli. Wasiojua namba yao waje pia. Tutazungumza maswali haya: Katika njia yako ya kwenda kazini, ni mahali gani gari lingekugonga, na nani angekuona? Nyumbani kwako, nani anajua bahasha ya karatasi zako iko wapi? Katika kiwanda au shamba lenu, mwajiri alitangaza ajali ya njiani ya mwisho, au alisema hahusiki? Mjumbe aandike majibu ya swali la tatu kwa majina na tarehe, ayalete ofisini.